Kitambaa Chini ya Bangili

Bibi Hoza hakuitikia. Hii ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo Mishi anamwamkia bure, na kwa mara ya nne bibi aligeuza uso ukutani kama mtu aliyepitishwa karibu na jalala.

Mishi hakurudia. Alikuwa mtu wa kusema mara moja, tena kwa sauti ndogo, na asiposikika aliona ndiyo haki yake. Akaweka ndoo chini, akakamua dekio, akaanza kupiga deki uvunguni mwa kitanda.

"Wewe wa ndoo," bibi akauambia ukuta. "Umewahi kufika kwangu?"

"Hapana, bibi."

"Umewahi kuchungulia mtungi wangu wa maji?"

"Hapana."

"Basi lile dude lenu limeuonaje, na wewe mwenye macho hujauona?"

Kabla Mishi hajajibu ilifika saa mbili kamili, na Karani akaanza kusoma. Karani hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya kike iliyotoka kwenye vioo kumi na tisa, kimoja juu ya kila kitanda cha Wodi Namba Nne. Sheria ilisema mgonjwa ana haki ya kusikia habari zake kila siku, kwa hiyo Karani alizisoma kila siku, kwa sauti, na wodi nzima ikasikia haki ya kila mtu.

"Kitanda cha tisa," Karani akasema. "Hoza, Mariamu. Miaka sabini na tisa. Aliletwa kwa kuvunjika nyonga. Kijidudu kimeingia damuni siku ya sita. Kiota cha kijidudu: nyumbani kwake. Walaji wa kijidudu wametiwa jana. Hawajala. Matarajio: siku tatu, zisizidi nne."

Mzee mmoja upande wa dirishani alikohoa, akajisogeza mbali. Mama wa kitanda cha nane alivuta shuka lake hadi kidevuni.

"Unanikimbia mimi?" Bibi Hoza akamgeukia. Uso ulikuwa umemnywea kwa homa, lakini macho yalikuwa makali. "Miaka hamsini nafagia ua wangu kabla jogoo hajawika. Mbuzi wangu wanalala pasafi kuliko hicho kitanda chako. Leo natangazwa mchafu mbele ya watu, na wewe unavuta shuka."

"Mimi sijasema kitu, dada."

"Shuka limesema."

Mishi alimaliza sakafu. Ilikuwa safi. Karani alikuwa ametuma wapimaji waipanguse mara nne mwezi huo kutafuta viota, pamoja na vyuma vya vitanda na vitasa vya milango, na kila mara hakuambulia kitu. Mishi alilijua hilo na moyoni alijivunia kidogo, kwa sababu sakafu hiyo ilikuwa ya kwake.

Mgonjwa wa kitanda cha tisa alitakiwa kugeuzwa. Mishi akainua mkono wa kushoto ili bangili yake ya mpira imnuse. Bangili ikanusa spiriti, ikawaka kijani, na upande wa kitanda ukashuka kumruhusu. Hakuna mfanyakazi aliyeweza kumgusa mgonjwa bila kijani hicho. Glovu zilipigwa marufuku tangu enzi za bibi yake Mishi, pale watu walipozoea kuvaa jozi moja kwa vitanda kumi. Siku hizi ilikuwa mkono mtupu, spiriti, bangili, kijani.

Akapitisha mikono chini ya mgongo wa bibi, akamlaza ubavu. Bibi akauma meno asitoe sauti mbele yake. Hapo ndipo Mishi alipokiona. Kilikuwa kimenata kwenye shuka, karibu kabisa na bendeji ya nyonga: kitambaa chembamba chenye upana wa kidole, cha khanga ya njano yenye korosho nyekundu. Kilikuwa na unyevu. Alikileta puani, na hakikunuka spiriti. Kilinuka maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa.

Mishi aliifahamu khanga hiyo. Ilikuwa ya mama yake, na aliyeikata vipande ni Mishi mwenyewe.

*

Huku mlimani baridi ilipasua mikono. Spiriti mara themanini kwa siku, juu ya ngozi iliyopasuka, ilikuwa kama kutumbukiza vidole kwenye pilipili. Mwaka juzi Mishi alimkuta Sista Perpetua, mkuu wa wodi, amejifungia stoo ya mashuka akilia huku amepakata mikono yake kama watoto wawili wagonjwa. Sista Perpetua hakuwa mtu wa kulia. Ndiye aliyemtoa Mishi chumba cha kufulia na kumpa bangili ya mhudumu, ingawa karatasi ilitaka mtu aliyemaliza darasa la saba na Mishi aliishia la tano.

Mishi alikwenda nyumbani, akakata khanga, akashona vitambaa kumi na viwili vya kufunga kifundoni mwa mkono chini ya bangili. Kitambaa kikilowekwa spiriti asubuhi, bangili ilinusa spiriti kutwa nzima. Kijani kiliwaka kila kitanda bila mtu kunawa, na mikono ikapona.

Kabla ya hapo watu wa wodi walimwita "wewe" au "wa ndoo". Baada ya hapo walimwita Mishi. Nesi Kaniki, kijana mwenye mdomo, alikuwa akimwachia kipande cha andazi. Saa ya chai walimwekea kiti. Hakuna aliyesema vitambaa ni kosa. Walisema ni dharura, wataviacha baridi ikipungua. Baridi ilipungua na kurudi na kupungua tena. Spiriti iliyotoka ghalani ikawa haba, wakawa wanatia matone mawili tu juu juu, ya kutosha pua ya bangili. Chini ya matone hayo kitambaa kilibaki na majimaji siku zote, kimekumbatia ngozi yenye joto.

Mishi alisimama stoo ya mashuka, kitambaa cha Bibi Hoza mkononi, akafungua na cha kwake. Vilinuka sawa. Chini ya kitambaa chake ngozi ilikuwa na vipele ambavyo alikuwa akivikuna kwa wiki tatu bila kuviwazia.

Wiki tatu. Mzee Mbelwa alikufa ndani ya wiki hizo tatu. Kabla yake Bibi Zahoro, na kabla yake mzee mmoja kutoka bondeni aliyependa kuimba. Wote waliingia kwa kuugua mifupa au vifua, wote wakapata homa kuanzia siku ya tano, na wote Karani aliwasomea mstari uleule: kiota, nyumbani kwake. Karani hakuwa akidanganya. Alitazama rekodi za mikono, akakuta kijani, kijani, kijani. Aliagiza sakafu ipanguswe, akakuta usafi. Kama wodi ni safi na mikono ni safi, kijidudu kimetoka wapi? Kwao. Wapimaji wakatumwa kwao, wakapangusa mitungi na vizingiti na mazizi, wakarudi na vichupa. Nyumba gani haina kijidudu cha kuokotwa? Vichupa vikapelekwa jikoni.

Jiko lilikuwa chumba cha chini ambako walaji walilelewa. Dawa za zamani zilikwisha nguvu. Kilichobaki ni vile viumbe vidogo kuliko kijidudu chenyewe, vyenye kukila kikabaki ganda. Lakini walaji ni wachaguzi. Mlaji aliyelelewa kwa kijidudu cha zizi fulani hali kingine. Damu ya mgonjwa haikuwa na vijidudu vya kutosha kuwalelea. Ilibidi kipatikane kiota, mahali kijidudu kilipozaliana. Ukikosea kiota, walaji wanaingia mwilini, wanazunguka, wanatoka na njaa yao. Mgonjwa anakufa, na nyumba yake inabaki na jina.

Mtoto wa Mzee Mbelwa alikuwa amechoma jiko la mama yake. Mishi alimsikia akisimulia getini: vyungu, mikeka, kinu, vyote. Alisema hawezi kula tena kwenye vyombo vilivyomuua baba yake.

Mishi alifunga kitambaa chake ndani ya karatasi. Kilichookotwa akakifunga kando. Kisha akaenda kumtafuta Sista Perpetua, na njiani alisimama mara mbili.

*

"Kaa," Sista Perpetua akasema. Alikuwa chumba cha chai na Kaniki. Mishi hakukaa. Aliweka karatasi mbili mezani, akazifungua, na akaeleza kwa maneno machache aliyoyapanga njiani. Yaliisha haraka kuliko alivyotarajia.

Kaniki aliangalia kitambaa kilichookotwa, kisha kifundo chake. Kifundo kilikuwa kitupu. Akashusha mkono wa sweta.

"Nilidhani kimedondoka bafuni," akasema.

"Kilikuwa kwenye kidonda," Mishi akasema.

"Nani kakuuliza?"

"Kaniki, nyamaza," Sista akasema. Alivitazama vitambaa kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, na mikono yake siku hizi ilikuwa laini, kucha zimekatwa vizuri. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Nimekuja kwako, Sista. Jiko linahitaji siku mbili. Bibi anazo tatu. Tukikipeleka sasa hivi..."

"Tukikipeleka." Sista aliliweka neno hilo mezani kama kitu kilichooza. "Unajua kinachofuata? Kila kinachoingia dirisha la jiko kinaingia na kiganja cha mtu. Karani atauliza ni nini, na ni cha nani. Kiota kikiwa wodini, wodi inafungwa saa hiyohiyo. Siyo kesho. Wazee wengine kumi na wanane wanapandishwa gari kwenda bondeni, mwendo wa saa sita kwenye barabara ya ukungu, na nusu yao hawawezi hata kuketi. Umewahesabu hao?"

Mishi hakuwa amewahesabu.

"Mzee Singano anapumua kwa mashine. Nitampakiaje? Niambie wewe, maana leo wewe ndiye unayepanga."

"Basi tuvue vyote leo," Mishi akasema. "Tuvichome."

"Tutavivua. Tutavichoma leo hii, mbele yako. Hakuna mwingine atakayeugua. Hilo nakuahidi."

"Na Bibi Hoza?"

Birika lilikuwa likichemka na Kaniki akainuka kulizima, ingawa halikuwa upande wake.

"Ana miaka sabini na tisa na nyonga imevunjika," Sista akasema taratibu. "Hata kijidudu kikitoka, Mishi, unajua wangapi wa umri ule wanatoka hapa kwa miguu yao. Unawafunika mwenyewe."

"Atakufa anaitwa mchafu."

"Ataitwa na nani? Na mashine."

"Na kitanda cha nane," Mishi akasema. "Na watoto wake. Watachoma jiko lake."

Kaniki akacheka, cheko la pua. "Sikiliza hiyo. Darasa la tano limetuletea hotuba. Nani alishona? Mimi nilikuomba? Tulikaa na mikono yetu inavuja damu, tukanyamaza kama wafanyakazi wengine, ukaja na khanga yako kwa sababu ulitaka uwekewe kiti."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimkaa mahali pabaya. Mishi alisikia masikio yakipata moto.

"Nilikutoa kwenye kufua," Sista Perpetua akasema. Hakupandisha sauti. "Niliandika barua kwa mkono wangu kwamba unafaa. Wafanyakazi kumi na wawili, kila mmoja ana watu nyuma yake. Wazee kumi na wanane. Upande huo wote, na upande huu bibi mmoja asiyekuitikia hata salamu. Nenda kapige deki, mwanangu. Acha hivyo vitu hapa."

Mishi alinyoosha mkono. Aliona Sista akidhani anataka kuaga. Akavichukua vitambaa vyote viwili na karatasi zake, akatoka, na nyuma yake akasikia kiti kikianguka.

*

Dirisha la jiko lilikuwa mwisho wa korido ya chini, kisahani cha chuma na tundu dogo la kupitishia vichupa. Mishi alikuwa amelipita mara elfu akipiga deki. Nyuma yake, juu kwenye ngazi, Kaniki alikuwa akishuka bila haraka. Alijua Mishi ni mtu wa aibu. Alikuwa amewahi kumwona akirudi nyumbani na njaa kwa kushindwa kuomba apishwe kwenye foleni.

"Huwezi," Kaniki akasema toka ngazini. "Utasimama hapo hadi jioni. Njoo tunywe chai."

Mishi akaweka kiganja kwenye kisahani. Kilikuwa cha baridi.

"Mhudumu wa Wodi Namba Nne," Karani akasema, sauti ileile ya upole. "Unaleta nini?"

"Kitambaa." Haikusikika. Akasema tena, "Kitambaa."

"Kimetoka wapi?"

"Kitanda cha tisa. Kwenye kidonda cha bibi."

"Ni cha nani?"

Alimsikia Kaniki akisimama. Hatua ziliisha kabisa, na korido nzima ikawa pumzi yake tu.

"Nilikishona mimi," Mishi akasema. "Kinavaliwa chini ya bangili. Kinainusisha spiriti, mikono ikiwa mikavu."

Kichupa kikatokeza tunduni, naye akatia kitambaa kilichookotwa, kisha na cha kwake.

"Kiota kinapimwa," Karani akasema. "Ulishona vingapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Mishi aliuona. Angesema kimoja. Kimoja, na hicho kingine alikuwa amemwazima mtu asiyemkumbuka. Jiko lingepata kiota, bibi angepata walaji wake, na mchafu angekuwa mtu mmoja, msichana wa ndoo. Labda wodi isingefungwa. Labda mzee Singano asingepakiwa. Nao wale kumi na mmoja wangevua vitambaa leo kwa hofu. Lakini yeye aliwajua. Waliahidi kuviacha baridi ikipungua. Wangeviweka mfukoni, wakangoja mikono ianze kupasuka.

"Mishi," Kaniki akasema nyuma yake. Hakuwa akicheka sasa. "Tafadhali, dada."

Hakuwahi kumwita dada.

"Kumi na viwili," Mishi akasema.

Juu ya vichwa vyao, kupitia sakafu yake safi, alisikia vitanda vya wodi vikijifunga kimoja baada ya kingine. Bangili yake iligeuka nyekundu. Aligeuka akaona na ya Kaniki imegeuka, na Kaniki ameishika kwa mkono wa pili kama mtu anayezuia damu.

*

Magari yalikuja mchana huohuo na ukungu ukiwa umekaa barabarani. Wazee kumi na wanane walitolewa kwa machela. Mama wa kitanda cha nane, aliyekwisha sikia habari za vitambaa kama wodi nzima, alimtemea Mishi mate, yakaishia sakafuni, naye Mishi akayafuta kwa mazoea. Wafanyakazi walipelekwa karantini za nyumbani, wamefungiwa mikono kwenye mifuko. Hakuna aliyemwangalia.

Bibi Hoza hakuweza kusafirishwa. Karani akaamua kwamba wa kumhudumia awe mtu aliyekwisha beba kijidudu hichohicho, asije akakibeba mwingine. Kwa hiyo walifungiwa wawili ndani ya wodi yenye vitanda kumi na vinane vitupu, bibi asiyeitikia na mhudumu mwenye bangili nyekundu, na Karani akamfungulia kitanda bila kijani. Mishi alimgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akamfuta. Bibi alikula uji na kumwangalia kama anayekula kwa adui kwa sababu hapana jirani mwingine. Siku ya pili walaji walitoka jikoni, kichupa cha kitu cheupe kisichotofautiana na maji. Wakatiwa mshipani.

Siku ya tatu asubuhi kuna mtu aligonga kioo cha korido. Alikuwa Sista Perpetua, ametoroka karantini, amevaa khanga badala ya sare, mikono ndani ya mifuko. Mishi alisogea. Kioo kilikuwa kinene na Sista alilazimika kusema kwa nguvu, ingawa uso wake haukuwa na nguvu.

"Singano amefia njiani. Hawakufika hata kwenye lami."

Mishi aliweka kiganja kwenye kioo. Sista hakuweka chake.

"Sikuja kukulaumu," Sista akasema. "Nimekuja ili na wewe uwe nalo hili." Akaondoka, akitembea katikati ya korido kama mtu ambaye bado ni mkuu wa mahali.

Ikawa saa mbili kamili.

"Kitanda cha tisa," Karani akasema. "Hoza, Mariamu. Miaka sabini na tisa. Homa imeshuka. Walaji wanakula. Kiota cha kijidudu: hapa wodini, mikononi mwa wahudumu. Rekodi ya nyumbani kwake imefutwa. Rekodi za marehemu watatu waliotangulia zimefutwa vilevile."

Bibi Hoza alifumbua macho. "Rudia."

Karani akarudia.

"Tena. Kwa sauti."

Karani akarudia kwa sauti, na maneno yakagonga kuta, yakarudi. Bibi aliangalia vitanda vitupu, kimoja kimoja, hadi mwisho wa wodi na kurudi.

"Siku ya kunitukana palijaa watu," akasema. "Leo nasafishwa mbele ya magodoro."

Mishi alikuwa bado kwenye kioo. Alitaka kusema kuhusu Mzee Singano, na kuhusu mzee aliyependa kuimba, na kwamba khanga ilikuwa ya mama yake. Kati ya yote hayo, lililotoka ni lile la kila asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Hoza alimtazama mikono.

"Ni wewe uliyeshona?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ni wewe uliyesema?"

"Ndiyo."

"Njoo hapa. Nawa."

Mishi akasogea kwenye beseni lililokuwa pembeni mwa kitanda. Akamimina spiriti kiganjani, kiganja kizima, na siku tatu za baridi bila kitambaa zilikuwa zimefungua kila mpasuko. Moto ulipanda hadi kwenye viwiko. Hakutoa sauti.

"Katikati ya vidole," bibi akasema. "Nakuona."

Akasugua katikati ya vidole. Machozi yakamtoka, akayaacha, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Tena."

Akanawa tena, mbele ya yale macho makali, hadi spiriti ikakauka yenyewe. Bangili ilikuwa bado nyekundu, nayo haingegeuka tena maishani mwake. Bibi Hoza hakuiangalia bangili. Alimshika Mishi kifundo, akaleta mikono yake karibu na pua, akainusa, upande huu na upande huu, polepole, kama anayenusa maziwa kabla ya kumpa mtoto.

Kisha akaiachia, akajiegemeza kwenye mto.

"Sasa niamkie," akasema.